Askari Naye Awe na Muuguzi Wake

Kambini mama na mtoto wana siku yao ya kliniki, wana kadi yao na mizani yao. Askari mwenyewe, mtu mzima wa miaka 45, hana siku wala kadi. Humwendea mganga pale tu mguu ulipoteguka au malaria ilipomwangusha. Hali hii hatuipendi.

Maradhi yamviziayo mtu wa makamo hayapigi baragumu. Shinikizo la damu laweza kukaa mwilini miaka mingi pasipo maumivu, likaharibu figo na moyo, kisha likaleta kiharusi. Kisukari nacho hunyemelea vivyo hivyo. Kuligundua shinikizo hakuhitaji bingwa wa Mulago. Chombo cha kufunga mkononi na muuguzi mwenye ujuzi vyatosha. Kipimo kikirudia 140 kwa 90 au zaidi siku mbalimbali, ndugu, hilo si jambo la kupuuza.

Wapo wasemao kwamba muuguzi ni wa kuchoma sindano tu. Huko Marekani, mwaka 1965, muuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver walianzisha katika Chuo Kikuu cha Colorado mafunzo ya wauguzi wa kupima na kutibu. Walianza na watoto. Leo wauguzi wa namna hiyo hutibu familia nzima, wazee na vijana. Hapa Uganda kazi kama hiyo twaiona kwa matabibu na wauguzi wa vituo vya afya.

Basi umchague vipi? Aliyeandikishwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga haoni haya kuonyesha cheti chake. Akupaye vidonge kabla ya kukupima, mwache. Yule aandikaye kila kipimo daftarini, na kukupeleka hospitali jambo limzidipo, huyo mshike.

Lakini askari huhamishwa. Leo yuko Gulu, mwezi ujao Mbarara, na daftari limebaki chini ya godoro. Bunduki haihamishwi bila namba yake kuandikwa kitabuni. Figo za koplo hazina hata mstari mmoja. Twawaomba wakuu wa vikosi na makamanda wa polisi waamuru daftari la afya lifuatane na barua ya uhamisho, na kila kambi itenge asubuhi moja kwa mwezi ya kupima watu wazima. Isiwe mara baada ya mbio, maana kipimo cha mtu anayehema hudanganya.