Tatizo si bunduki, kaka. Ni risasi

Nilikuwa Singida kwa kazi nyingine kabisa. Hii habari sikuitafuta, ilinikuta Misigiri nikisubiri gari la kwenda Kiomboi. Wanaoijua njia hiyo wanaelewa: Misigiri ni njia panda, barabara ya Singida kwenda Nzega inapita, ya Kiomboi inachepuka, na gari likichelewa unakaa mgahawani unakunywa chai ya rangi na kusikiliza ya watu.

Ya watu siku ile yalikuwa ya bunduki.

Jamaa mmoja wa makamo yangu, ametoka Dar, gari limejaa vumbi mpaka kwenye vioo, alikuwa anasimulia. Kibali anacho, mnyama wake ni tandala mkubwa dume. Alimwona jioni, akapiga, tandala akaruka na kuingia kichakani. Wakafuata damu mpaka giza likawakuta. Asubuhi waliporudi fisi walishamaliza kazi. Pembe zimebaki, mifupa imebaki, nyama hakuna. Na hitimisho lake, jamani, nalinukuu kama alivyolitoa: "Tatizo .375 ni ndogo. Mwakani nachukua .416."

Meza nzima ikatikisa vichwa kukubali!

Nimeandika habari za wanyamapori miaka kadhaa, nimekaa nyuma ya magari ya wawindaji vya kutosha, na hili wazo la "ongeza ukubwa" nimelisikia mpaka limenichosha. Nikashindwa kunyamaza. Nikamuuliza, kaka, ulipiga na risasi gani? Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Si nimekwambia, dogo? Tatu sabini na tano."

Hapo ndipo kwenye ugonjwa wenyewe, na nadhani Kiswahili chetu kina mchango wake. Risasi kwetu ni ile metali nzito ya kijivu. Risasi ni kile kichwa kinachotoka kwenye mtutu. Risasi pia ni kitu kizima kabla hujafyatua, ganda, baruti, fataki na kichwa chake. Neno moja, vitu vitatu. Kwa hiyo ukimuuliza mtu "risasi gani" anakutajia upana wa mtutu na anaona amemaliza. Kumbe tandala hafi kwa upana wa mtutu. Anakufa kwa kile kichwa kufika kwenye moyo na mapafu, kikafunguka humo ndani, damu ikatoka haraka.

Nikaomba anionyeshe boksi. Akalileta kutoka kwenye gari. Zilikuwa risasi ngumu, zile zisizofunguka hata kidogo! Risasi ya aina hiyo imetengenezwa kuvunja fuvu la tembo au kupita kwenye bega la nyati. Kwenye tandala wa kilo 200 na kitu inaingia na kutokea upande wa pili, ikiacha tundu jembamba kama la bisibisi, halafu inaendelea na safari kumtafuta mnyama mwingine aliyesimama nyuma, au mchungaji. Duka alilonunua silitaji. Alisema walimwambia "hizi ndizo za Afrika".

Mezani alikuwapo mzee mmoja wa Kinyiramba, askari mstaafu wa wanyamapori, muda wote kimya na kikombe chake. Akauliza taratibu, "Mwanangu, ulimpiga wapi?"

"Nyuma kidogo, mzee wangu."

"Nyuma kidogo ni tumboni."

Watu wakacheka. Jamaa naye akacheka, muungwana kweli. Mzee akaendelea: "Na ulifumba macho kabla ya kufyatua." Hakuuliza, alisema. Jamaa hakubisha. Alikuwa amefyatua ile bunduki mara sita tu tangu ainunue, na begani bado ana alama.

Sasa niambieni, mtu anayeogopa teke la .375 atafanya nini na .416?

Najua kuna mtu ataniletea habari za Bell. Haya, tuzungumze Bell. W.D.M. Bell, yule Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7, ile ambayo Waingereza waliiita .275 Rigby. Watu wa bunduki kubwa hawapendi kumsikia. Watu wa bunduki ndogo wanamtaja kama mtume. Wote wanasahau kwamba Bell alisoma kichwa cha tembo, alikipasua kwa msumeno kujua ubongo unakaa wapi, na alitumia risasi ngumu kwa sababu alikuwa anatafuta huo ubongo. Alichagua kichwa cha risasi kulingana na kazi. Ukichukua risasi zake ngumu ukampiga swala kwenye mapafu umeiga koti la Bell, akili yake umeiacha.

Mimi kama ningeulizwa (na siku ile niliulizwa) ningesema hivi. Kwa swala pala, kongoni na wenzao, .30-06 au hiyo milimita 7 ya Bell inatosha kabisa, mradi kichwa kiwe laini chenye koti imara. Kama unataka bunduki moja ya kati itakayokutoa kwa swala pala mpaka kwa pofu, ambaye dume lake linapita kilo 600, tafuta 9.3x62. Hii ni ya hapa kwetu kuliko mnavyofikiri. Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, aliitengeneza mwaka 1905 kwa ajili ya walowezi na wawindaji wa Kijerumani makoloni, na Tanganyika wakati huo ilikuwa chini yao. Aliipima iingie kwenye Mauser ya kawaida, ili mtu asiye na hela za bunduki za Kiingereza za mitutu miwili naye awe na kitu cha maana. Kichwa cha gramu 18.5, kasi ya mita 720 hivi kwa sekunde. .375 Holland & Holland ya mwaka 1912 inatupa kichwa cha gramu 19.4 kwa mita 770. Tofauti ipo, lakini tandala hatakuja kukueleza aliisikia. Bega lako litakueleza.

Na wale wa upande wa pili msishangilie. Risasi nyepesi yenye kasi ya ajabu na koti jepesi ikigonga mfupa wa bega kwa karibu inapasuka juu juu, inachimba jeraha baya lisilofika ndani. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alipatwa na hilo Canada, akimpiga moose, yule kulungu mkubwa wa kaskazini. Risasi zilipasuka kabla ya kufika ndani. Wengine wangenunua bunduki kubwa zaidi. Nosler alirudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye ukuta katikati, mbele kinafunguka, nyuma kinabaki kizima na kuendelea kuzama. Kinauzwa mpaka leo kwa jina la Partition.

Sheria nazo zinatulemaza kidogo. Kwa nyati na tembo kiwango cha chini ni .375, sawa, sina ugomvi. Lakini kipenyo ni kitu rahisi kupima, unatazama maandishi kwenye mtutu basi. Hakikwambii kama mwenye bunduki anaweza kupiga sahani hatua 100. Norway mwindaji wa wanyama wakubwa hupimwa shabaha kila mwaka. Ningependa hilo lije kwetu, na mwenye kibali aulizwe pia ndani ya boksi lake kuna nini. Najua nitaitwa adui wa uwindaji. Na wengine mtaniita rafiki wa wauaji, mtanikumbusha kwamba Kenya walipiga marufuku mwaka 1977. Nawaheshimu. Lakini Tanzania inaruhusu, na maadamu inaruhusu, mnyama anayekufa tumboni usiku kucha ni deni la mtu.

Kuna jambo lingine hatulizungumzi kabisa, la risasi kama metali. Kichwa cha risasi kikifunguka ndani ya nyama huacha vipande vidogo vidogo ambavyo jicho halivioni. Mwaka 2008 kule North Dakota, Marekani, nyama ya kulungu iliyotolewa msaada kwa maskini ilipigwa eksirei, vipande vikaonekana, watu wakaambiwa waitupe. California ilipiga marufuku risasi za metali hiyo kwa uwindaji wote mwaka 2019, Denmark ikafuata kwenye raifali mwaka 2024. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote salama cha metali hiyo kwenye damu ya mtoto. Huku kwetu nyama ya mnyama mkubwa inagawiwa kijijini, na watoto wanakula. Vichwa vya shaba tupu vipo, ni ghali, ndiyo. Lakini aliye na hela ya .416 asiniambie shaba ni ghali.

Si mbali na pale Misigiri, huko Mkalama, wako Wahadzabe. Mhadzabe ana mishale ya ncha ya mti kwa ndege na wanyama wadogo, na ya ncha ya chuma yenye sumu kwa wakubwa. Akishapiga, anasubiri sumu ifanye kazi, halafu anafuata nyayo bila haraka. Upinde ni ule ule! Anachobadilisha ni kile kinachomfikia mnyama. Nilipolisema hili mezani jamaa wa Dar akaniambia, "Kwa hiyo nyumbani kwangu nina upinde mzuri na mishale mibovu." Ndiyo kaka. Hasa.

Gari la Kiomboi likaja, limejaa kama kawaida, nikapata nafasi ya kusimama. Kupitia dirishani nilimwona mzee ameligeuza lile boksi upande wenye maandishi madogo, analisogeza mbali na macho, na jamaa anamtafutia miwani kwenye mfuko wa koti lake mwenyewe.