Orodha mpya ya wakimbizi isiimeze ile ya zamani

Katika daftari la shefu wa kartie, jina likikatwa kwa biki bado linasomeka chini ya mstari. Mtu anaweza kuuliza nani alilikata, na kwa nini. Kompyuta haiachi mstari. Ikiamriwa kuweka habari mpya mahali pa zile za zamani, za zamani zinapotea kabisa.

Jambo hilo linagusa familia zinazokimbilia Likasi, na wenyeji wa Kikula, Panda au Shituru wanaozipokea nyumbani. Unga, mafuta na blanketi hugawiwa kwa orodha. Mara nyingi orodha ni mbili, ya kartie na ya wanaoleta msaada, na kijana mwenye kompyuta ndiye anayeombwa kuziunganisha.

Akitumia lugha ya programu ya Python, ana njia mbili. Kuna aina ya orodha inayoitwa kamusi: kila jina na habari zake. Alama | kati ya kamusi mbili hutoa ya tatu, na zile mbili zinabaki zilivyokuwa. Alama |= nayo inachukua mbili, lakini inamwaga ya pili ndani ya ya kwanza. Zote ziliingia katika toleo la 3.9, mwaka 2020. Tofauti kwa macho ni alama moja tu ya sawasawa.

Sasa orodha ya kwanza ina Ilunga mwenye watoto 6. Ya pili ina Ilunga mwingine, mwenye watoto 2. (Na huku kwetu Katanga, akina Ilunga hawahesabiki.) Kompyuta inaona jina ni moja, inaweka habari za wa pili mahali pa za wa kwanza. Haionyi, haiulizi. Kijana akihifadhi juu ya faili lile lile, basi. Siku ya kugawa, mama wa watoto 6 anaambiwa hayumo. Akisema aliandikwa, anaonekana mwongo.

Ni kweli, hata | ingegonganisha akina Ilunga. Lakini orodha ya kwanza ingekuwapo bado, na mtu akihesabu familia angeona moja imepungua.

Wengine watasema tutumie namba ya kadi ya uchaguzi badala ya jina. Vizuri, kwa mwenye kadi. Aliyekimbia usiku aliacha kadi nyumbani, na katika nchi ambayo sensa yake ya mwisho ni ya 1984, ni wapi pengine pa kumtafuta?

Mafundi wanapenda kubadilisha mahali pale pale kwa sababu kunaokoa kumbukumbu ya mashine. Kwa hesabu kubwa sana, wana haki. Lakini familia 5,000, kila moja kwa herufi 200, ni herufi milioni 1. Picha moja ya simu mara nyingi inazidi hapo.

Mji ambao mwaka 1992 na 1993 uliona maelfu ya familia za asili ya Kasai zikilala kwenye kituo cha gari la moshi, zikingoja safari, unajua uzito wa jina. Kila orodha ya zamani ihifadhiwe na tarehe yake. Iliyounganishwa ipewe faili jipya, ihesabiwe mbele ya shefu wa kartie, kisha ibandikwe ukutani kabla ya gunia la kwanza kufunguliwa.