Kufungwa kwa mitambo ya makaa ya mawe kuna maana gani kwa Gitaza?

Mataifa tajiri yanafunga mitambo ya umeme inayotumia makaa ya mawe ili kutimiza malengo yao ya tabianchi. Burundi haina mtambo wa aina hiyo hata mmoja, lakini wakaazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika wana kila sababu ya kufuatilia jambo hilo kwa karibu.

Gitaza imebanwa kati ya maji na mlima. Upande mmoja ni ziwa, upande wa pili ni miinuko mikali ya Mumirwa, na katikati inapita barabara inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge. Mwezi Machi 2015, mvua kubwa iliporomosha udongo na mawe kutoka milimani. Nyumba zilibomoka, barabara ikafungika na familia nyingi zikabaki bila makaazi. Mwaka 2024 tishio lilitoka upande wa ziwa: maji yalipanda hadi kukaribia viwango vya miaka ya 1960, yakaingia majumbani na mashambani kutoka Bujumbura hadi Rumonge. Kati ya Septemba 2023 na Aprili 2024, mafuriko na athari nyingine za mvua za El Niño ziliwakumba zaidi ya watu 200,000 nchini Burundi.

Si kila mvua kubwa inayoweza kuhesabiwa kuwa deni la viwanda vya mbali. El Niño ilikuwepo kabla ya viwanda, na Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake hutokea katika mto mmoja tu, Lukuga, limewahi kupanda na kushuka tangu zamani. Hata hivyo, kanuni ya msingi inajulikana: kila joto la hewa linapoongezeka kwa nyuzi moja, hewa hiyo huweza kubeba unyevu zaidi kwa takriban asilimia 7. Makaa ya mawe ndiyo chanzo kikubwa zaidi duniani cha hewa ya ukaa inayoongeza joto hilo.

Ahadi za Ulaya

Uingereza ilizima mtambo wake wa mwisho, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024, na kuhitimisha miaka 142 ya umeme wa makaa ya mawe. Ujerumani ilipitisha sheria mwaka 2020 inayoweka mwaka 2038 kuwa ukomo. Lakini vita vya Ukraine vilipokata gesi ya Urusi mwaka 2022, Berlin iliirejesha kazini baadhi ya mitambo iliyokuwa imewekwa akiba. Taifa tajiri lilipokosa nishati mbadala kwa wakati, lilirudi kwenye makaa. Ni vigumu basi kumlaumu mkaazi wa Rumonge kwa kufanya vivyo hivyo.

Afrika Kusini inatoa funzo jingine. Mtambo wa Komati, katika jimbo la Mpumalanga, ulizimwa Oktoba 2022 baada ya kufanya kazi tangu mwaka 1961. Ulikusudiwa kuwa mfano wa mageuzi ya haki, lakini Tume ya Rais ya Tabianchi ya nchi hiyo ilibainisha baadaye kwamba maandalizi kwa ajili ya wafanyakazi na jamii yalichelewa. Mtambo ulifungwa kabla ajira mpya hazijafika.

Katika Afrika Mashariki, njia rahisi zaidi imekuwa kutoanza kabisa. Mwezi Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira nchini Kenya ilifuta leseni ya mtambo wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Lamu, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Makaa ya gunia

Kwa msikilizaji wa Gitaza, neno makaa halimkumbushi mtambo. Linamkumbusha gunia lililosimamishwa kando ya barabara likisubiri gari la Bujumbura. Karibu mtu mmoja tu kati ya kumi nchini Burundi ana umeme, na chakula karibu chote hupikwa kwa kuni au makaa ya miti. Mchomaji, mbebaji, dereva na mama anayeuza kwa kopo sokoni wote hula kutokana na gunia hilo.

Miti hiyo hiyo ndiyo inayoshikilia udongo juu ya Gitaza. Hapo ndipo sera ya taifa inapogusa maisha ya kijiji. Katika mpango wake wa tabianchi wa mwaka 2015, Burundi iliahidi kupanda misitu hekta 4,000 kila mwaka kwa miaka 15, na kubadilisha matanuri yote ya asili ya kuchomea makaa pamoja na majiko ya asili ya majumbani ifikapo 2030. Kwa uwezo wake yenyewe ililenga kupunguza utoaji wa gesi kwa asilimia 3. Kwa msaada wa nje, asilimia 20. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili ndiyo inayoonyesha uzito wa fedha ambazo nchi tajiri zinadaiwa.

Mfuko wa hasara na uharibifu ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, na mwaka uliofuata huko Dubai ahadi zake zilifikia takriban dola milioni 700 kwa nchi zote zinazoendelea. Kiasi hicho ni kidogo mno mbele ya mahitaji.

Kufungwa kwa mtambo barani Ulaya hakutapunguza mvua za msimu ujao, kwa kuwa hewa ya ukaa hudumu angani kwa karne nyingi. Faida yake ni kwa watoto wa leo. Kwa wazazi wao, ulinzi wa karibu ni mlima wenye miti, jiko linalotumia makaa machache na umeme wa bei inayolipika. Na kama Komati ilivyoonyesha, vitu hivyo havina budi kutangulia marufuku. Serikali ikimzuia mchomaji kukata mti kabla ya kumpa njia nyingine ya kulisha watoto, atapanda mlimani usiku, na athari zake zitaonekana Gitaza mvua itakapoanza.