MPAKA WA ZAMBIA UNAANZIA MIKESE

NDUGU msomaji, ukitaka kujua mpaka wa Tanzania na Zambia uko wapi, usifungue ramani. Ramani itakwambia uko Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam. Hiyo ni kweli ya wapima ardhi. Dereva wa lori ana kweli yake. Njoo hapa Mikese, kama kilomita 30 kabla hujaingia Morogoro mjini, simama pembeni ya lami huku Milima ya Uluguru ikikutazama upande wa kushoto, umwulize yeye. Atakwambia mpaka unaanzia hapa.

Kwa miaka mingi jina la Mikese midomoni mwa madereva limekuwa na maana moja tu: mizani. Ukishamalizana na Mikese kuna Mikumi. Ukimaliza Mikumi kuna Wenda pale Iringa, kuna Makambako, halafu kuna Mpemba, pua na mdomo na Tunduma. Lori lile lile, mzigo ule ule, dereva yule yule, kila mahali linapandishwa mezani kama mgonjwa ambaye kila daktari hamwamini mwenzake.

Mtu asije akanilisha maneno. Sisemi mizani ifutwe. Barabara hii ni mali ya walipa kodi, na lori linalozidisha uzito linakula lami ambayo mwanakijiji wa Mikese ameilipia kwa kila kibiriti anachonunua. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo kwetu ilianza kutumika mwaka 2019, imeweka ukomo wa tani 56. Nauunga mkono kwa mikono miwili. Ninachouliza ni kimoja: hivi kontena lililofungwa lakiri bandarini linaongezeka uzito kwa kupanda mlima wa Kitonga? Wataalamu watasema madereva huokota mizigo njiani. Sawa. Lori la mafuta ya Zambia lenye lakiri juu na chini litaokota nini? Mkaa? Gunia mbili za mkaa nyuma ya kichwa cha lori ndizo zinazolifanya taifa zima lipime mara tano?

Tunakumbuka Oktoba 2013. Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, alifuta msamaha wa asilimia 5 kwa magari yaliyozidisha uzito. Wenye malori wakagoma, malori yakasimama, na mwisho Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaingilia kati na kurudisha mambo yalivyokuwa. Waziri alikuwa na hoja ya kulinda barabara. Wenye malori nao walikuwa na hoja yao. Lakini siku zote hizo wakubwa wakivutana kwenye viyoyozi, nani alikuwa amelala chini ya trela akipigwa na mbu? Kabwela, na utingo wake.

Wiki hii nimekaa na mmoja wao chini ya mwembe. Kijana wa miaka thelathini na kitu, macho mekundu, mkononi kikombe cha chai ya rangi. Alikuwa akirudi kutoka Lubumbashi. Nikamwuliza, "Safari imekuchukua siku ngapi, kijana wangu?" Akacheka. "Mzee, unauliza za kuendesha au za kusimama?" Nikamwambia anipe zote. "Za kuendesha ukizijumlisha hazifiki wiki, kwenda na kurudi. Za kusimama niliacha kuhesabu." Akaendelea kunieleza kuwa posho ya safari hupigwa kwa hesabu ya kilomita na si ya siku, na kilomita haziongezeki lori likiwa limesimama. Kwa hiyo kila siku ya foleni anakula mfukoni mwake. Maji ya kuoga ananunua. Choo analipia. Usiku hafumbi macho, maana vijana wa kunyonya mafuta kwenye tangi wanajua foleni ilipo kuliko hata Serikali inavyojua.

Hapo ndipo pa kushangaza, kwa sababu kwenye karatasi tatizo hili lilishakwisha. Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia walizindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde. Watu wakapiga makofi, ngoma zikalia. Vituo vya namna hiyo tunavyo pia Rusumo, Namanga, Holili, Mutukula na kwingineko. Utaratibu wake ni mzuri, na mwenye akili zake hawezi kuupinga: hukaguliwi tena mara mbili. Unapita upande wa nchi unayotoka bila kusimama, unakwenda kusimama upande wa nchi unayoingia, na huko unawakuta maofisa wa nchi zote mbili wamekaa pamoja. Wa kwetu akimaliza, anampasia wa kwao. Basi.

Sasa kama ni hivyo, foleni ya nini?

Jibu ni kwamba tumejenga jengo, hatukujenga kazi. Paa ni moja lakini meza bado ni zile zile: forodha, uhamiaji, afya, kilimo, viwango vya ubora, usalama, na kila meza ina mhuri wake, kitabu chake na saa yake ya kwenda kula. Mmoja akisema mtandao umekatika, waliobaki wote wanakunja mikono. Karatasi za mzigo zinaweza kutumwa kabla lori halijatoka Dar es Salaam, lakini wakala wa forodha anasubiri mwenye mzigo atume fedha, mwenye mzigo anasubiri lori lifike, na lori linasubiri karatasi. Hapo katikati ndipo wanapozaliwa vishoka. Kishoka hana ofisi wala leseni, ana simu na rafiki ndani. Foleni ikiisha kishoka anakufa njaa, na yule rafiki wa ndani anarudi kuishi kwa mshahara. Kuna watu, ndugu msomaji, ambao foleni ni shamba lao. Unategemea waking'oe mazao yao wenyewe?

Na abiria je? Huyu hata hatajwi kwenye hotuba za uzinduzi. Miaka michache iliyopita nilipanda basi kwenda nchi jirani, mpaka wenyewe sitautaja. Tulifika alfajiri, tukashushwa na mizigo yetu kwenye umande. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alikuwa na pasi ya kusafiria halali, lakini kadi yake ya homa ya manjano ilikuwa imelowa na wino umechanganyika. Kijana wa dirishani hakusema "huruhusiwi". Alisema "subiri pale". Pale ni wapi? Ni ukutani, kwenye jua. Mama akasubiri mpaka konda wa basi akaanza kupiga honi. Ndipo akatokea mtu asiye na sare, akanong'ona naye, noti ikabadilisha mkono, na kadi iliyokuwa haisomeki ikasomeka. Hakuna aliyetoa sauti, na mimi mwandishi nikiwemo. Niliogopa basi lingeniacha. Hayo nayaandika ili ujue kuwa foleni humfanya hata mwenye mdomo mrefu awe bubu.

Kuna wakati tulikuwa na sababu ya kuteseka. Novemba 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru wake wa walowezi kule Rhodesia, Zambia ilijikuta imekabwa koo, na mafuta yake yakaanza kupita hapa hapa kwa malori, kwenye barabara ya vumbi na tope ambayo ilipewa jina la njia ya jehanamu. Lilikuja bomba la TAZAMA mwaka 1968, ikaja lami, ikaja TAZARA mwaka 1976. Dereva wa siku zile alikuwa na adui anayemjua kwa jina. Hata ule mpaka na Kenya uliofungwa Februari 1977 na kukaa hivyo hadi Novemba 1983 ulikuwa na ugomvi wake, Jumuiya ilikuwa imevunjika na kila mmoja ananung'unika mali zake. Leo hakuna Smith. Jumuiya imefufuka tangu mwaka 2000, na Congo yenyewe imejiunga mwaka 2022. Dereva wa leo amwonyeshee kidole nani?

Na wakubwa wakikosana, tunaolipa ni sisi. Mei 2020, wakati wa Corona, Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde na malori yakarundikana Tunduma. Mwezi huo huo madereva wa Namanga walisimamishwa huku mawaziri wa Kenya na Tanzania wakibishana ni vipimo vya nani viaminike. Agosti 2024 Congo ilizuia bia na soda kutoka Zambia, Zambia nayo ikajibu kwa kufunga mipaka yake na Congo, Kasumbalesa ikiwemo, kwa siku kadhaa. Fikiria! Soda za watu wengine, na kijana wa Mikese aliyebeba salfa ya migodini analala barabarani.

Wanaodhani mwenye mzigo atavumilia milele wanajidanganya. Shaba ya Katanga ina njia nyingi za kwenda baharini. Kuna Durban, kuna Beira, kuna Walvis Bay, na sasa kuna reli ya Lobito ya Angola. Desemba 2024 Joe Biden, akiwa bado Rais wa Marekani, alifunga safari mwenyewe hadi Lobito kuipigia debe reli hiyo. Sisi tumekimbilia kwa Wachina: Septemba 2024 kule Beijing ilisainiwa hati ya kuifufua TAZARA mbele ya marais wetu watatu, Samia, Hichilema na Xi. Heri na iwe hivyo. Lakini hata treni hufika Tunduma, na mhuri utagongwa na mkono ule ule.

Watu wa Mikese wananiambia, "Wewe mwandishi unatupigia kelele riziki yetu." Wana haki. Mama ntilie anaishi kwa wali maharage wa dereva aliyekwama. Binti anayeuza machungwa na ndizi kutoka Mkuyuni humaliza ungo wake haraka zaidi siku malori yakisimama. Nimelifikiria hili na bado sikubaliani nao. Malori yakipita mengi na kwa kasi, hata robo yake wakisimama kwa hiari yao kula, biashara itakuwa kubwa kuliko ya wachache waliokwama na mifuko mitupu. Yule kijana chini ya mwembe aliagiza chai peke yake. Wali alisema hela imeishia njiani.

Nataka vitu viwili tu, na vyote havihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Lori la lakiri lipimwe mara moja likitoka Dar es Salaam na mara moja kabla ya mpaka, cheti chake kiheshimiwe katikati. Pili, Serikali itangaze kila mwezi, gazetini na redioni, lori limechukua saa ngapi Tunduma toka lilipofika foleni hadi lilipovuka, na meza gani ililikalisha kuliko zote. Itajwe kwa jina. Mizani tunayo kila kona ya kupima tani, ya kupima saa haipo hata moja.

Na kama kuna mheshimiwa anaona nimetia chumvi, aache gari lake la kiyoyozi nyumbani, aje hapa Mikese bila msafara wala ving'ora. Tutamtafutia dereva wa kumpa lifti hadi Nakonde. Mkeka wa kulalia chini ya trela atanunua mwenyewe.