Ukiona Vyaelea: Programu ya Mtu Mmoja na Mzigo wa Wengi

Mwalimu anayeandaa orodha ya watahiniwa hupenda namba zote ziwe na tarakimu nne: 0007, 0045, 0312. Kuongeza sifuri upande wa kushoto ni kazi isiyohitaji fikira nyingi. Kompyuta nayo huifanya kwa urahisi ikishapewa maelekezo, na maelekezo yenyewe hayazidi mistari michache. Hata hivyo, tarehe 22 Machi, 2016, mistari 11 ya maelekezo ya namna hiyo ilipoondolewa mahali ilipohifadhiwa, kazi za watunga programu wengi duniani zilikwama. Yafaa kisa hicho kichunguzwe, kwa maana fundisho lake ni kubwa kuliko umbo lake.

Mistari hiyo iliitwa left-pad. Ilikuwa programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake, ndiyo maandishi yanayoiongoza kompyuta, uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuunakili na kuubadili. Mtungaji wake, Azer Koçulu, aliiweka katika npm, ghala kubwa la programu za lugha ya JavaScript, pamoja na nyingine nyingi alizozitunga. Mojawapo aliipa jina la kik. Kampuni moja ya Kanada yenye jina hilo hilo ilimtaka aliachie. Akakataa, tena kwa maneno makali. Wenye ghala walipoamua kuipa kampuni hiyo jina lile, Koçulu aliziondoa programu zake zote, zipatazo 273, na left-pad ikaondoka pamoja nazo. Katika mwezi uliotangulia ilikuwa imechukuliwa ghalani zaidi ya mara milioni 2. Wengi wa waliokuwa wakiichukua hawakujua hata kwamba wanaihitaji: programu walizozitumia ziliitegemea programu nyingine, nayo ikaitegemea nyingine, hata kuifikia left-pad. Mnyororo huo ulikatika kwa muda wa saa chache, mpaka wenye ghala walipoirudisha.

Ni rahisi kuhukumu kwamba kosa lote lilikuwa la mtu mmoja mkaidi. Hukumu hiyo haitoshi. Mtu huyo hakuwa ameajiriwa na wale waliokwama, wala hapakuwa na mkataba baina yao. Hawakumlipa, na wengi wao hawakujua kama yupo. Nguzo ya nyumba iking'olewa, atalaumiwa aliyeing'oa. Lakini fundi aliyepandisha ghorofa juu ya nguzo moja asiyoijua hana budi kuulizwa naye.

Kisa cha pili chaonyesha kwamba upole wa mtunzaji si kinga. Xz ni programu ya kubana mafaili ili yachukue nafasi ndogo, nayo imo katika kompyuta nyingi zinazotumia Linux, zikiwemo zile zinazoendesha huduma za intaneti. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja nchini Finland, kwa kujitolea. Mnamo mwaka 2022 watu wasiofahamika walianza kumsonga kwa malalamiko kwamba kazi inakwenda polepole, wakimtaka aongeze mtunzaji mwingine. Alikuwapo tayari mtu aliyejiita Jia Tan, mwenye bidii, aliyekuwa akileta masahihisho. Akaaminiwa, akapewa mamlaka. Mwezi Machi, 2024, ikagunduliwa kwamba matoleo mawili ya xz, 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa yametiwa mlango wa siri wa kumwezesha mwenye ufunguo wake kuingia katika kompyuta za watu wengine. Aliyeugundua ni mhandisi Andres Freund, ambaye alishangaa kuona kwamba kuingia katika kompyuta aliyokuwa akiifanyia majaribio kulichelewa kwa nusu sekunde, akaamua kutafuta sababu. Kwa bahati, matoleo hayo yalikuwa hayajaenea sana.

Katika kisa cha kwanza mtunzaji alikataa. Katika kisa cha pili alikubali. Tabia zao zilitofautiana, lakini chanzo cha hatari kilikuwa kimoja: wengi walimtwika mmoja, wakaenda zao. Hata ukali unaolalamikiwa huweza kuwa na manufaa. Mtunzaji anayemkatalia kila mgeni huudhi, lakini pengine ukali wake ndio komeo la mlango. Asiyefahamu kazi yenyewe hawezi kutenganisha ukaidi na uangalifu.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuziacha programu huria na kununua zile za makampuni. Hoja hiyo ina uzito wake, kwa kuwa kampuni hufungwa na mkataba. Lakini kampuni nayo huweza kufilisika, kupandisha bei, au kuacha kuihudumia programu iliyokwisha kuiuza. Na msimbo ukiwa siri, mnunuzi hana la kufanya. Left-pad ilirudishwa upesi, na leseni yake ilimruhusu mtu yeyote kuichapisha tena. Freund naye aliweza kuufuatia mlango ule wa siri mpaka kwenye asili yake kwa sababu alikuwa na msimbo wa kuuchunguza. Basi uhuria si udhaifu. Udhaifu ni watu kuwa na haki ya kusoma, pasipo kuwapo msomaji.

Afrika Mashariki ina mfano wa njia iliyo bora. DHIS2 ni programu huria ya kukusanya na kuchambua takwimu za afya, nayo hutumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, miongoni mwa nchi nyingine nyingi. Huratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norway. Lakini wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamo miongoni mwa walioshiriki kuiendeleza na kufundisha matumizi yake. Takwimu za zahanati haziwezi kuachwa zitegemee hisani ya mtu mmoja aliye mbali. Hapo mzigo umegawanywa, na ujuzi umekaa karibu na wenye haja.

Wajibu wa shule waanzia hapo. Mwanafunzi anayefundishwa kubonyeza tu amefundishwa nusu ya somo. Apewe programu huria iliyo ndogo, asome msimbo wake mstari kwa mstari, aeleze kila mstari wafanya nini, kisha abadili mmoja aone matokeo. Atengeneze orodha ya programu zinazotumika shuleni, na mbele ya kila moja aandike: nani anaitunza, inategemea nini, na nakala yake iko wapi. Akiona kosa, ajifunze kulitolea taarifa kamili na kwa adabu. Akiweza, apeleke masahihisho, au maelezo ya matumizi kwa Kiswahili. Malalamiko humwongezea mtunzaji mzigo, masahihisho humpunguzia. Kazi hizi hazihitaji chumba kilichojaa mitambo. Kompyuta moja na mwalimu mwenye subira vyatosha kuanzia.

Kujitegemea katika sayansi hakuna maana ya kila taifa kuunda kila kitu peke yake. Maana yake ni kukijua kile kinachotegemewa, na kuwa na watu wawezao kukishika pale aliyekishika atakapochoka, atakapokasirika, au atakapofariki. Wahenga walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Yapasa kuongeza kwamba chombo kinachoelea leo kitahitaji kutiwa kalafati kesho, na abiria ambaye hakuwahi kushika pamba wala nyundo hana haki ya kumtukana fundi maji yaingiapo.