Mbalamwezi ya dagaa na dozi ya presha

Mchuuzi wa dagaa wa Pasiansi anayechukua mzigo mwaloni Kirumba hupanga matumizi yake kwa kutazama angani. Usiku wa giza taa za wavuvi huvuta dagaa na fedha huzunguka. Mbalamwezi ikifika mitumbwi hutulia, na mfuko hukauka. Vidonge vya shinikizo la damu havijui mbalamwezi. Humezwa kila siku. Hapo ndipo dozi hukatizwa, tena kwa urahisi, kwa kuwa presha haiumi.

Inauma kiharusi kinapokuja. Mchuuzi hulala, binti yake naye hufunga genge ili amuuguze, na mtaji wa miaka kumi huishia kwenye nauli na gharama za wodini. Mkulima huuza ng'ombe, kisha shamba.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takriban mtu 1 kati ya 4 ana shinikizo la juu la damu, na takriban 1 kati ya 11 ana kisukari. Wengi hawakuwa wakijua. Serikali ilizindua mpango wa taifa wa magonjwa yasiyoambukiza Novemba 2019, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ikapatikana mwaka 2023. Ni hatua njema. Hata hivyo, bima humfaa zaidi aliyekwisha kujua kwamba anaumwa.

Wafanyabiashara wadogo hawaendi kupima kwa sababu siku ya foleni ni siku isiyo na mauzo. Basi kipimo kiwafuate kwenye vikoba, ambako hukutana kila wiki bila kuitwa na mtu. Mashine moja ya kupimia presha yatosha kikundi kizima, mhudumu wa afya wa mtaa akiwafundisha, na kila mmoja akitunza kadi yake mwenyewe. Mfuko wa jamii wa kikundi, ambao hufunguliwa upesi panapotokea msiba, ukopeshe pia fedha za vidonge wakati wa mbalamwezi.

Nani anunue mashine? Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Manispaa ya Ilemela ianze na vikundi hivyo. Mkopeshaji ana kila sababu ya kutaka mdaiwa wake awe mzima hadi rejesho la mwisho.