Katiba Haikuhesabu Vichwa

Zipo shule za sekondari za kutwa mashambani zenye wanafunzi hamsini au sitini, mwalimu mkuu, walimu wachache wa Serikali, na wengine wanaolipwa na wazazi, mwezi wakipata, mwezi wakikosa. Sasa twasikia zikiitwa mzigo. Sisi twasema mzigo huo umetengenezwa.

Tuanze na fedha. Mwaka 2018 mgao wa elimu ya kutwa uliwekwa kuwa Sh22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Shule ya wanafunzi 1,000 yakadiriwa zaidi ya Sh22 milioni; ya wanafunzi 60 haifikii hata Sh1.4 milioni, tena kabla ya kuchelewa na kupunguzwa. Lakini shule hiyo ndogo nayo yahitaji maabara, karani na mlinzi, wala nusu ya karani haijapata kuzaliwa. Mwaka 2025, mtaala ulipokuwa ukibadilishwa, hapakuingia Kidato cha Kwanza popote nchini. Shule kubwa zilipata nafasi ya kupumua; ndogo zilipoteza darasa moja kati ya manne, pamoja na mgao wake.

Kisha Januari 2026 ikaja Gredi ya 10 na mikondo yake mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, sanaa na michezo. Mtoto akaambiwa achague shule. Ni mtoto gani atakayechagua sayansi mahali pasipo mwalimu wa fizikia? Mwalimu hapelekwi kwa kuwa wanafunzi ni wachache. Wanafunzi hawaji kwa kuwa mwalimu hayupo. Halafu uchache huo huo waletwa mbele yetu kuwa ushahidi wa kuifunga shule. Mahakamani hatungekubali mshtaki ajitengenezee ushahidi.

Tunakiri kwamba shule nyingine zilijengwa kwa hesabu za kura, hasa baada ya sheria ya hazina ya maeneobunge ya 2003, na mbunge alipokata utepe hakuonekana tena. Lakini Serikali ndiyo iliyozisajili. Binti anayetembea kilomita nne asubuhi hakukata utepe wowote, na shule yake ikiunganishwa na ya mbali, wengi wa wenzake watabaki nyumbani.

Ibara ya 237 ya Katiba ya 2010 yaipa Tume ya Kuajiri Walimu kazi ya kuwapeleka walimu katika shule yoyote ya umma. Yoyote. Haikutaja idadi ya wanafunzi. Ibara ya 53 yampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, nayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, yakataza shule ya umma kumtoza mzazi karo ya masomo. Basi fedha anazotozwa mama wa kijijini ili mwalimu wa bodi alipwe zina jina gani?

Tunadai kiwango cha chini cha fedha kwa kila shule, kisichotegemea vichwa, na walimu wapelekwe kabla ya watoto kutakiwa kuchagua. Makanisa yaliyo wafadhili wa shule hizi yana viti vitatu katika kila bodi kwa mujibu wa sheria hiyo hiyo. Wenye viti hivyo, katika kikao kijacho, waitake Tume iandike sababu za kila nafasi iliyo wazi, somo kwa somo, na barua hiyo isomwe mbele ya wazazi.